Kilomita 780 hadi Santiago: mwongozo wa njia, miguu na wenzako wa safari

Kila anayesikia kwamba nimetembea Camino, njia ya hija ya miguu ya kwenda Santiago huko Hispania, huniuliza kwanza kuhusu viatu. Viatu nitavifikia. Lakini katika siku 34 nilizokaa njiani, kilichoniumiza kichwa zaidi hakikuwa kiatu. Ilikuwa ile asubuhi ambapo mtu uliyemzoea, mliyekula meza moja wiki nzima, anataka kutembea kilomita 30 na goti lako linakubali 18 tu. Unamfuata, au unamwacha aende zake? Mimi nilimfuata, na nitakueleza hapo chini kilichonipata.

Ninayoizungumzia ni njia ya Kifaransa, Camino Francés, takriban kilomita 780 kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, mji mdogo wa Ufaransa chini ya milima ya Pyrenees, hadi Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Mapokeo yanasema kaburi la mtume Yakobo mwana wa Zebedayo liligunduliwa huko karne ya 9, na watu wakaanza kuliendea kwa miguu. Kwetu neno hija humpeleka msikilizaji moja kwa moja Makka. Hii nayo ni hija, ya Kikatoliki kwa asili yake, ila njiani hakuna anayekuuliza dini yako. Utatembea na mapadri, na watu ambao hawajaingia kanisani tangu wabatizwe, na watu waliofiwa, na vijana waliomaliza chuo na hawajui waende wapi.

Kuchagua njia na majira

Zipo njia nyingine. Camino Inglés kutoka Ferrol ina kilomita zipatazo 120 na huisha ndani ya wiki moja. Ya Kireno kutoka Porto huchukua wiki mbili hivi. Primitivo, kutoka Oviedo, ni ya milima na ni ya wenye magoti mazuri. Kama lengo lako ni kutembea na watu, kukutana nao, kupotezana na kukutana tena, chagua ile ya Kifaransa. Ina watu wengi zaidi, vijiji viko karibu karibu, na karibu kila kimoja kina mahali pa kulala mahujaji.

Tenga siku 33 hadi 36. Ukiwa na wiki mbili tu, usijaribu kukimbia. Anzia mji wa León, kutoka hapo zilizobaki ni kama kilomita 300.

Mei, Juni mwanzoni na Septemba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti jua la nyanda za kati halina huruma, na watu ni wengi. Kati ya tarehe 1 Novemba na 31 Machi njia ya juu ya Pyrenees hufungwa kwa sababu ya theluji na ukungu. Unapita bondeni, Valcarlos, na hilo si jambo la kubishana. Mwaka 2027 sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, 25 Julai, itaangukia Jumapili, kwa hiyo utakuwa Mwaka Mtakatifu wa Compostela. Jiandae kwa msongamano, au nenda mwaka mwingine.

Viza, pesa, karatasi

Kama pasipoti yako inahitaji viza ya Schengen, omba ya Hispania. Ingawa utaanza kutembea ukiwa Ufaransa, nchi utakayokaa siku nyingi ndiyo inayoshughulikia ombi. Unaruhusiwa kuomba hadi miezi sita kabla ya safari, na usichelewe chini ya siku 15. Mimi nasema anza miezi mitatu kabla. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Mahali ambapo wengi hukwama ni uthibitisho wa malazi, maana nyumba za mahujaji za manispaa kwa kawaida hazipokei nafasi za mapema. Nilichofanya ni kuhifadhi nafasi zinazoweza kufutwa kwenye nyumba za binafsi, kisha nikaandika barua ya ukurasa mmoja yenye ratiba ya kila siku: tarehe, mji, kilomita. Sikuifuata hiyo ratiba hata siku tatu, lakini karatasi ilikuwa nzuri.

Kwa matumizi, piga hesabu ya euro 35 hadi 50 kwa siku. Kitanda cha bwenini ni takriban euro 10 hadi 20, chakula cha jioni cha mahujaji, yaani sahani mbili, kitindamlo, mkate na divai au maji, ni kama euro 12 hadi 16. Beba noti ndogo ndogo, kwa kuwa vijiji kadhaa havina mashine ya kutolea pesa.

Kitabu cha mhujaji, *credencial*, utakipata Saint-Jean kwenye ofisi ya mahujaji kwa euro chache. Ni karatasi inayokunjwa kama akodiani. Kila unapolala wanakipiga muhuri, na bila hicho hupokewi kwenye nyumba za mahujaji. Kiweke ndani ya mfuko wa plastiki. Niliona cha mtu mmoja kilicholowa mvua, mihuri yote imekuwa wingu la zambarau, na mwenyewe hakuwa na la kusema.

Shanta

Kanuni ya zamani ni asilimia kumi ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 abebe kilo 7, kabla ya maji. Inawezekana, ukikubali kwamba utafua kila jioni.

Nguo seti mbili, moja ya kutembelea na moja ya kulalia na kuvaa jioni. Soksi jozi tatu za sufu laini. Koti la mvua. Sweta jepesi. Kofia. Mfuko mwembamba wa kulalia. Ndala za bafuni. Taulo la kukauka upesi. Taa ya kichwani, chaja, sabuni moja ya kuogea na kufulia, pini za kuanikia soksi mbichi nyuma ya shanta. Vizibo vya masikio usivisahau hata kama utasahau mswaki: bweni la watu arobaini lina angalau wakoromaji wanane, na mmoja wao ana kipaji.

Jinzi acha nyumbani, na vitabu pia, na ile "labda nitaihitaji". Labda hiyo itakuwa Pamplona ndani ya boksi la posta, maana hapo ndipo wengi husimama siku ya tatu kutuma mizigo yao mbele. Zipo pia kampuni zinazobeba shanta yako kwa gari hadi unakolala kesho, kwa euro chache kwa kila siku ya kutembea. Mtu akizitumia usimcheke. Hujui mgongo wake una nini.

Viatu, na miezi miwili ya kabla

Viatu viwe vikubwa kwa namba moja kuliko unavyovaa kawaida, kwa sababu mguu huvimba. Buti zito si lazima. Raba za njia za milimani zenye soli nene zinatosha majira ya joto. Lililo lazima ni kuvitembelea kwanza. Anza na kilomita 5, panda hadi 15, kisha fanya siku mbili mfululizo za kilomita 20 ukiwa na shanta iliyojaa. Hiyo siku ya pili ndiyo inayokufundisha. Mwili uliochoka jana hutembea tofauti. Fimbo mbili za kutembelea nilizidharau hadi nilipoteremka Zubiri. Ule mteremko wa mawe, siku ya pili tu, umeharibu safari nyingi.

Siku ya kwanza

Saint-Jean hufikiwa kwa treni ndogo kutoka Bayonne, mwendo wa kama saa moja. Lala hapo, usifike mchana ukaanza kupanda.

Kutoka mjini, karibu mita 170 juu ya usawa wa bahari, utapanda hadi zaidi ya mita 1,400 huko Lepoeder, mahali pa juu kabisa pa siku hiyo, kisha ushuke Roncesvalles: kilomita kama 25. Ndiyo siku ngumu kuliko zote, na imewekwa mwanzo, wakati huna mazoea. Una njia mbili. Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na uende mwendo wa kobe hadi jioni, au gawanya siku mara mbili kwa kulala Orisson, kilomita 8 hivi kutoka Saint-Jean. Orisson huhifadhiwa mapema sana. Nakushauri uihangaikie, na sababu si miguu. Baada ya chakula cha jioni kila mhujaji husimama na kusema jina lake, anakotoka, na kama anataka, kwa nini anatembea. Watu hao ndio utakaowakuta njiani mwezi mzima. Nilipolala pale, mzee mmoja aliinuka, akasema neno moja kwa Kihispania, akakaa. Neno lenyewe lilikuwa jina la mkewe. Kwa siku tano nilizokuwa nikimwona njiani, hakuna aliyemuuliza chochote. Siku ya sita alianza kusimulia mwenyewe.

Huko Roncesvalles jioni kuna misa yenye baraka ya mahujaji. Nenda hata kama si mwenye dini hiyo. Ni nusu saa ya kukaa.

Kupotea ni vigumu. Mishale ya njano iko kwenye kuta, miti, nguzo na lami. Aliyeanzisha alama hizo miaka ya 1980 ni Elías Valiña, padri wa O Cebreiro, kijiji utakachokipanda ukiingia Galicia, jimbo la Santiago. Ukitembea dakika kumi na tano bila kuona mshale, rudi ulikotoka. Usiseme "utatokea tu".

Miguu

Hapa sitaharakisha, kwa sababu wanaorudi nyumbani kabla ya Logroño, mji wa wiki ya kwanza, wengi hurudishwa na lengelenge, na lengelenge huanza kama joto dogo ambalo mtu aliona aibu kusimama kulishughulikia.

Kila asubuhi kabla ya soksi, paka mafuta ya mgando kati ya vidole, kisiginoni na chini ya unyayo. Mguu uwe mkavu kabisa kwanza. Kila baada ya saa mbili kaa, vua viatu, vua soksi, upeperushe mguu kwa dakika kumi, badilisha soksi. Utaona wenzako wanapita huku wanakupungia mkono. Waache wapite, utawakuta mbele wamekaa wanachechemea.

Ukihisi joto sehemu moja, simama hapo hapo. Si kijiji kinachofuata, ni hapo hapo, juu ya jiwe. Bandika utepe wa kitambaa au plasta laini mahali penye joto, bila mikunjo.

Lengelenge likishatoka, dogo lisilouma sana lifunike na uliache. Kubwa, lililojaa maji na lililo mahali pa kukanyagia, litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, bonyeza maji yatoke, acha ngozi ya juu ilivyo, paka dawa ya kuua vijidudu, funika. Mtu atakuja na uzi. Ni desturi ya kale njiani kupitisha uzi kwenye lengelenge na kuuacha humo ili maji yaendelee kutoka. Kataa kwa adabu. Uzi huo ni mlango wa vijidudu. Mwenye kisukari asitoboe mwenyewe hata kidogo. Ukiona wekundu unaotambaa, usaha, au homa, nenda kituo cha afya. Na kabla ya kufika huko, famasia, zenye alama ya msalaba wa kijani, zina wahudumu walioona miguu mingi ya mahujaji kuliko daktari wako atakavyoiona maisha yake yote.

Maumivu ya mbele ya mguu, juu kidogo ya kifundo, yanayozidi unaposhuka, ni ya kano iliyochoshwa. Hayo hayaponi kwa ushujaa. Yanataka siku kadhaa za kupumzika na maji zaidi ya unayokunywa. Chemchemi za vijijini zinaandikwa *agua potable* kama maji yanafaa kunywewa. *No potable* ni ya kunawa tu.

Bwenini

*Albergue* ni nyumba ya mahujaji: bweni, vitanda vya ghorofa, mabafu ya pamoja, mara nyingi jiko. Za manispaa na za parokia hupokea kwa kufuata aliyewahi, na kwa kawaida ni usiku mmoja tu. Taa huzimwa saa nne usiku na asubuhi unatakiwa uwe umetoka kufikia saa mbili.

Adabu yake ni fupi. Viatu na fimbo hubaki mlangoni. Shanta haiwekwi juu ya kitanda, kwa sababu ya kunguni. Kagua mishono ya godoro kabla ya kutandika. Anayeondoka alfajiri apange kila kitu jioni, na asubuhi abebe vyote nje ndipo afunge. Mifuko ya plastiki inayochakarika saa kumi na moja alfajiri imevunja urafiki mwingi. Kitanda cha chini mwachie mzee au mwenye goti, bila kuombwa.

Zipo nyumba za *donativo*, ambako hakuna bei, kuna sanduku. Ile ya Grañón wanalaza watu kwenye magodoro sakafuni ndani ya kanisa, mnapika pamoja na kula pamoja. Sanduku hilo si ofa ya bure. Kutoa ni moyo, kweli, lakini dengu ulizokula leo zilinunuliwa na waliolala hapo jana. Mwenye nacho aweke angalau alichokuwa alipe kwingine.

Wenzako

Salamu ni moja kwa wote, *Buen Camino*. Ukishasalimia una njia mbili, kupita au kupunguza mwendo. Ukipunguza mwendo umeuliza swali tayari, na mwenzako atajibu kwa mwendo wake. Akiendelea kama alivyo na kukutazama, karibu. Akisimama ghafla kufunga kamba za viatu ambazo zimefungwa, pita.

Uliza "umeanzia wapi?" na "jana umelala wapi?" Acha "unafanya kazi gani?" kwa siku nyingine kabisa. Nilitembea siku nne na jamaa mmoja mwenye raba zilizotoboka, tukigawana mkate na samaki wa kopo, ndipo nikajua ni jaji. Ningejua mapema ningemwita mheshimiwa na tusingecheka vile. Swali la "kwa nini unatembea" usiliulize wewe. Litakuja, aghalabu mchana, kwenye kipande kirefu kisicho na kivuli. Watu wanaotembea bega kwa bega wanatazama mbele, hawatazamani usoni, na hapo mtu husema mambo ambayo mezani yasingetoka. Kazi yako ni kusikiliza bila kutafuta dawa. Ukiambiwa jambo zito, libaki pale pale njiani. Jioni mezani usilitaje, hata kwa wema.

Lugha si kikwazo kikubwa. Jiko ndilo mkalimani. Mkiwa watu sita kwenye albergue yenye jiko, mmoja apendekeze mnunue pamoja: tambi, nyanya, vitunguu, dengu, mkate. Gawaneni risiti sawa kwa sawa usiku huo huo, msilaze deni hata la senti. Aliyepika haoshi vyombo. Angalieni saa, maana maduka mengi ya vijijini hufungwa mchana kuanzia kama saa nane hadi saa kumi na moja, na Jumapili unaweza usikute hata moja.

Baada ya wiki utakuwa na kikundi, wenyewe wanakiita familia ya Camino. Ni kitu kitamu na ndicho kilichonivunja goti. Kikundi chetu kilikuwa cha watu watano. Kutoka Villafranca Montes de Oca waliamua kufika Burgos siku hiyo hiyo, kupitia San Juan de Ortega na Atapuerca, kilomita karibu 38, za mwisho zote zikiwa lami kando ya viwanda. Goti langu lilikuwa limeanza kulalamika tangu asubuhi. Sikusema. Niliogopa kubaki peke yangu kuliko nilivyoogopa maumivu. Nilifika Burgos usiku, na kesho yake sikuweza kushuka ngazi. Wale wanne wakanikumbatia, wakaondoka. Nikatafuta chumba cha bei nafuu, kwa kuwa bwenini ni usiku mmoja, nikalala siku mbili nikitazama minara ya kanisa kuu kupitia dirisha la choo.

Kwa hiyo ninalokuomba ufanye ni hili, na ulifanye siku mliyokutana, si siku ya maumivu: waambie wenzako kwamba kila mtu anatembea mwendo wake, na kwamba kuachana mchana si ugomvi. Kubalianeni mji wa kulala, si mwendo. Anayetaka kukaa kimya aseme tu "leo natembea peke yangu kidogo", na hakuna atakayemuuliza amekasirikia nini. Na goti likisema, nawe sema.

Wapo watakaokung'ang'ania. Wapo wanaoongea kuanzia kahawa hadi mchana bila kituo. Yupo yule mtaalamu mwenye shanta ya kilo tano, anayekupimia yako kwa macho. Njia ya kuachana nao ni ya kienyeji na inafanya kazi: ingia kwenye mgahawa wa kwanza, agiza kahawa, sema unabaki kuandika. Mapenzi nayo yatatokea, kwako au kwa wa kitanda cha jirani. Nasema tu kwamba uchovu na mvinyo humfanya kila mtu aonekane mwema. Kukopeshana pesa, hapana. Na ukimwona mtu anayekutia wasiwasi, hasa kama wewe ni mwanamke unayetembea peke yako, jiunge na wa karibu yeyote na useme wazi. Namba ya dharura ni 112, na polisi wa Hispania wana programu ya simu iitwayo AlertCops inayotuma mahali ulipo.

Nyanda za kati

Kati ya Burgos na León kuna *Meseta*: mashamba ya ngano, upepo, barabara iliyonyooka hadi macho yachoke. Wengi hupanda basi hapa. Usipande. Hapa ndipo niliposikia pumzi yangu kwa mara ya kwanza, na hapa ndipo nilipopata watu wapya, kwa sababu tuliobaki nyuma tulijikuta tuko pamoja.

Huko Carrión de los Condes, watawa wa Kiagustino huimba na mahujaji jioni kwenye albergue ya Santa María na kumwalika kila mmoja aimbe wimbo wa kwao. Andaa mmoja mfupi. Nilikaa karibu na mama mmoja mstaafu kutoka Korea, ambaye hakuwahi kuzidi kilomita 20 kwa siku na hakuwahi kuchubuka hata kidole. Kesho yake tulitoka pamoja, kwani kutoka Carrión hadi Calzadilla de la Cueza ni kilomita 17 bila kijiji. Beba maji lita mbili na chakula. Alinifundisha kutembea taratibu bila kusema lolote: alinipa kokwa kumi na mbili za lozi na kunionyesha kwa kidole kwamba ni moja kila nusu saa.

Milima ya mwisho na wageni wa Sarria

Baada ya Astorga njia hupanda tena. Karibu na mita 1,500, kupita Foncebadón, kuna *Cruz de Ferro*, msalaba mdogo wa chuma juu ya mlingoti mrefu, na chini yake chungu ya mawe yaliyoachwa na mahujaji. Ukitaka kuacha lako, libebe kutoka nyumbani, dogo. Ukifika, ngoja aliyetangulia amalize. Usimpige picha mtu anayelia. Mteremko wa kwenda El Acebo na Molinaseca ni mkali, fupisha hatua.

Sarria, kilomita kama 115 kabla ya Santiago, mambo hubadilika. Ili upewe hati ya *Compostela* lazima utembee angalau kilomita 100, kwa hiyo maelfu huanzia hapo: mabasi ya wanafunzi, familia, watu wenye vibegi na manukato. Ninyi mliotoka Ufaransa mtajisikia mmeingiliwa. Mimi nilinuna siku mbili nzima, na sasa naona aibu. Mtu mwenye likizo ya siku sita anatembea alichoweza. Msaidie kufunga lengelenge lake, wewe ni fundi tayari. Piga mihuri miwili kila siku, kanisani, mgahawani, popote, maana ofisini wataikagua.

Kufika

Usiku wa mwisho wengi hulala O Pedrouzo, kilomita 20 hivi kutoka Santiago. Ukiondoka mapema unaweza kuwahi misa ya mahujaji ya saa sita mchana, ila shanta hairuhusiwi ndani ya kanisa kuu, itafutie pa kuihifadhi kwanza. Kile chetezo kikubwa, *Botafumeiro*, hakipeperushwi kila siku, usikisafirie. Hati ya Compostela hutolewa bure na ofisi ya mahujaji, Rúa das Carretas. Wataandika jina lako kwa namna ya Kilatini na kuuliza sababu ya safari. Ambaye hakutembea kwa sababu ya dini au ya kiroho hupewa cheti kingine.

Tiketi ya kurudi usiikate ya siku unayofika wala ya kesho yake. Acha siku tatu. Uwanja wa Obradoiro, mbele ya kanisa kuu, ndio mahali ambapo watu wote uliowapoteza hutokea tena. Kaa chini ya matao ya jengo lililo mkabala na kanisa, ukiangalia wanaoingia. Nilipoingia mimi, mmoja wa wale wanne wa Burgos alikuwa amelala juu ya mawe, shanta yake ni mto. Alikuwa amefika siku mbili kabla. Kabla ya salamu aliniuliza goti likoje.

Ndege yangu ilikuwa kesho yake asubuhi. Nililipa faini ya kubadilisha tarehe, tukakaa chini ya matao tukinunuliana kahawa kwa zamu, hadi Alhamisi mchana mama wa Korea alipotokea kwenye kona ya uwanja, taratibu, na mfuko wa lozi mkononi.